Wifi Rula na Nyumba Isiyoungua

Siku niliyopelekwa kwa wakwe kutambulishwa, wifi yangu alinisalimia kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika tepu ya kupimia. Nilidhani anataka kunipima kiuno. Kumbe alikuwa akipima umbali kutoka jiko la mafuta hadi kwenye pazia. Alipomaliza alilikunja lile pazia, akalipiga fundo juu kabisa, akasema, "Haya, sasa tunaweza kukaa." Mume wangu, ambaye siku hizo alikuwa mchumba tu, akaninong'oneza, "Mzoee. Huyo ndiye Rula."

Jina la Rula alipewa na wenzake chuoni, likamganda. Ofisini wanamwita Rula, mafundi wanamwita Mama Rula ingawa hana mtoto, na hata kwenye simu yangu nimemwandika hivyo. Ni msanifu majengo. Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba katika ofisi ndogo mjini, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari, na mezani kwake penseli zote zimechongwa kwa urefu mmoja. Ukiazima moja kwake ukamrudishia ikiwa fupi, utaisikia siku hiyo. Anatembea haraka, anakula haraka, na anaongea kama anayekatia risiti kila neno. Mimi nina mdomo, yeye ana macho, na tangu siku ya pazia tumekuwa tukichokozana kama mawifi wanavyochokozana. Lakini nampenda. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nimekuja kumwanika.

Rula anaogopa moto. Sigara ikiwaka kituoni, atahama upande. Mshumaa akiuona kwenye meza ya harusi, mazungumzo yamemkatika, macho yote kwenye mshumaa. Mwenyewe hasimulii kwa nini. Niliyoyajua niliyapata kwa mume wangu, ambaye mkasa wenyewe ulipotokea alikuwa mdogo, anabebwa mgongoni, naye alisimuliwa tu.

Walikuwa wakikaa juu mlimani, ndani ya msitu, kwenye nyumba ya mbao aliyoijenga baba yao. Kiangazi kimoja moto ukashuka kutoka ukingoni juu ya mlima, ukapita kwenye majani makavu, ukaila nyumba yao majirani wakiwa bado wanachota maji. Hakufa mtu. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa safarini, akarudi akakuta majivu na mke na watoto wawili wamekaa kwa jirani wa chini, mama mmoja mwenye watoto wengi na mkono mwepesi wa kutoa. Jirani huyo alimwazima Rula gauni la binti yake. Lilikuwa gauni zuri, lina mifuko. Rula akalivaa shuleni, na yule binti, kwa utoto tu wala si kwa ubaya, akawaambia wenzake, "Hilo gauni langu, mfuko mmoja una tundu, mwangalieni." Darasa zima likaja kuangalia tundu. Mume wangu anasema tangu siku hiyo dada yake hajawahi kuazima hata kijiko.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo ndani ya nyumba ile halikutajwa kabisa. Watu walisema moto ule haukutoka ukingoni, ulitoka jikoni kwa Mama. Kwamba aliacha makaa yanawaka akaenda bustanini. Lilisemwa dukani, likasemwa kwenye kuchota maji, na Mama mkwe alilisikia kama alivyolisikia kila mtu. Hakulijibu. Baba mkwe hakumuuliza, watoto hawakumuuliza, na yeye mwenyewe akaishi nalo hivyo hivyo, kama mtu anayetembea na kijiwe kwenye kiatu mbele za watu.

Basi Rula alipokomaa kazini, alilolitaka kwanza lilikuwa kumjengea Mama nyumba pale pale palipoungua. Mimi na mume wangu tungekaa naye, maana mume wangu anafanya kazi kwenye kitalu cha miche huko huko msituni. Wakati huo Mama alikuwa amepanga vyumba viwili katika mji mdogo chini ya mlima, na kila Jumapili Rula alikuja na ramani zake zimeviringishwa kwapani, anatufukuzia vikombe mezani, anatandaza.

Na hapo ndipo utampenda mtu huyu. Akiwa na ramani mbele yake, haongei tena kwa risiti. "Watu wanadhani nyumba inaunguzwa na ndimi za moto," alitwambia. "Nyingi zinaunguzwa na cheche. Cheche inarushwa na upepo kutoka mbali, inatafuta tundu, inaingia darini, inajibanza humo kama mwizi. Watu wamelala, wakidhani moto umepita." Kwa hiyo kila tundu la hewa alilifunika kwa wavu wa waya wenye macho madogo. Paa lilikuwa la bati, kingo zake zimezibwa. Kuta zilikuwa za mawe na zege, vioo vya madirisha viwili viwili, na kila dirisha lina kifuniko cha chuma cha kuvuta. Hakuweka kibaraza cha mbao. Kuzunguka nyumba yote alichora mkanda mpana wa kokoto, akautia rangi nyekundu kwenye karatasi. "Hapa hakilali kitu kinachoungua. Hata ufagio." Nje ya kokoto, miti ipunguzwe na matawi ya chini yakatwe. Mume wangu, mtu wa miti, alipigania kila mti kama ndugu yake wa damu, akashindwa karibu yote.

Wala usidhani ilikuwa ngome. Ilikuwa nyumba ya kisasa hasa: sebule pana nyeupe yenye dirisha kubwa linalotazama bondeni, vyumba vya kulala vyenye mwanga, jiko la gesi ambalo mtungi wake umewekwa nje kwenye kijumba chake cha mawe. Sote tulikuwa tukimeza mate.

Mama alikuwa akifuata kidole cha bintiye juu ya karatasi, chumba hadi chumba. Mwisho akauliza, "Na moto nitauweka wapi?"

Rula akacheka. "Mama! Moto ndio tunaoukimbia!"

Tukacheka wote, mimi kwa sauti kubwa kuliko wote kama kawaida yangu. Mama naye akacheka, akachelewa kidogo. Hakuna aliyemuuliza alikuwa na maana gani.

Nyumba ikajengwa, tukahamia. Na kiangazi kilichopita moto ukaja kweli, ukashuka ukingoni vilevile kama zamani. Rula alikuwa ametufundisha mpaka tukachoka naye: vuta vifuniko, ingiza mikeka, funga mlango, shuka barabarani, usirudi kuchukua kitu. Tukafanya hivyo. Tuliporudi, bati lilikuwa jeupe kwa majivu na kokoto zimejaa makaa yaliyokufa, lakini nyumba ilikuwa imesimama, hata kitasa hakikuwa na joto. Jirani wa chini naye alinusurika, upepo uligeuka kwa bahati. Rula alipofika aliizunguka nyumba akizipapasa kuta, kisha akakaa chini kwenye kokoto akalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia, na nilikaa naye pale nikamshika bega, sikumtania.

Kwa hiyo nisije nikaeleweka vibaya. Nyumba ile ni nzuri na imetuokoa. Tatizo ni kwamba mlimani moto huja mara moja katika miaka mingi, na baridi huja kila mwaka. Msimu wa mvua ukungu unakaa dirishani mchana kutwa. Mawe yanakunywa ile baridi, hayaitemi. Rula alituwekea hita za umeme kila chumba, lakini tawi likiangukia waya, umeme unapotea na simu nayo inakosa mtandao, hata siku kadhaa. Sisi vijana tunavaa masweta tunajikaza. Mama vidole vyake vilivimba. Alikuwa akikaa kwenye sebule ile nyeupe amejifunika mablanketi, kama abiria aliyekosa basi. Na Rula akipiga simu kuuliza habari, jibu lilikuwa moja: "Nyumba nzuri, mwanangu." Mama ndivyo alivyo. Ukimpa zawadi, hata ikimbana haisemi vibaya.

Mwisho akanitazama asubuhi moja akasema, "Mkwe wangu, nishikie ubao."

Tukajenga kibanda nyuma ya jiko, pale ambapo upepo haufiki. Mabaki ya mbao za ujenzi, kipande cha turubai juu, mafiga matatu chini. Kimeegemea ukuta. Kuni tukazipanga kando yake hadi karibu na paa, ili zisilowe. Ndiyo, juu ya kokoto. Nilijua Rula akikiona patachimbika, lakini Rula hakuwahi kuja bila kuarifu, alipima hata matembezi yake, na tulikubaliana kwamba akiarifu tu tunakibomoa. Tangu siku hiyo Mama alianza kuimba tena akiwa jikoni, na vidole vyake vikaanza kukunjika.

Sasa, baada ya nyumba kupona, sifa zikafika ofisini. Bosi wake Rula akataka kuwaonyesha wateja. Jumamosi moja, umeme umekatika tangu jana yake na simu zimekufa, nasikia gari linapanda. Anashuka Rula. Anashuka bosi, mzee mnene wa shati lililopigwa pasi kali. Wanashuka mume na mke waliotaka kujenga nyumba yao msituni.

"Nimepiga simu sana," Rula aliniambia.

"Karibuni, karibuni chai!" nikasema kwa sauti ya kumfikia mtu wa nyuma ya nyumba na wa kijiji cha pili. Nikaleta viti. Nikaleta maji. Nikauliza habari za safari, za kazi, za watoto wa wageni ambao hata siwajui. Nikakohoa mpaka yule mke akaniuliza kama ninaumwa.

"Tuzunguke kwanza, chai baadaye," akasema Rula. Alikuwa amependeza siku hiyo, amesimama wima, na wale wageni walikuwa wakimsikiliza kwa heshima. Akawaonyesha matundu ya hewa na wavu wake. Akawaonyesha mifereji ya paa. "Na huu ndio mkanda wa kokoto," alisema huku akitembea kinyumenyume mbele yao. "Hapa hakilali kitu kinachoungua. Hata ufagio." Akageuka kona.

Mama alikuwa amechuchumaa kibandani anapuliza moto. Ukuta mweupe nyuma yake ulikuwa mweusi kwa masizi hadi juu, kuni zimeegemea, turubai linapepea. Aliinua uso, macho yana machozi ya moshi, akatabasamu kwa kumwona bintiye.

"Mama!" Rula alipiga kelele. "Unataka kutuchoma tena?"

Lile neno "tena" lilitoka likasimama pale katikati yetu. Wageni hawakujua uzito wake. Mimi nilijua. Rula alilisikia mwenyewe baada ya kulisema, nikamwona uso unamshuka kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Mama alichukua sufuria ya maji iliyokuwa motoni, akaimwaga yote juu ya kuni, moshi ukatufunika sote. Kisha akafuta mikono kwenye kanga yake, akasema, "Karibuni wageni. Samahanini kwa moshi."

"Shikamoo, mama," yule mke akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni sana." Akaingia ndani.

Bosi akaanza kuukagua mfereji wa paa kana kwamba ni mara ya kwanza kuona mfereji maishani mwake. Na Rula, badala ya kumfuata mama yake, akaendelea na maelezo. Alieleza unene wa kuta, alieleza tangi la maji, sauti kavu kama ya mtoto anayekariri shairi mbele ya mwalimu. Mimi nilisikia aibu mpaka masikio yakaniwaka moto, ingawa lile neno sikulisema mimi. Chai hakuinywa mtu. Walipokuwa wanaondoka nilimkimbilia garini.

"Wifi, rudi ndani umwambie hata neno moja."

"Nitampigia."

"Simu zimekufa!"

"Nitampigia zikirudi." Hakunitazama. Alikaa kiti cha nyuma, akafunga mlango, akashika magoti yake kwa mikono miwili.

Mume wangu aliporudi kutoka kitaluni alimkuta Mama anabomoa kibanda, ubao mmoja mmoja, kuni anazibeba kuzipeleka mbali ng'ambo ya kokoto. Akawaka. Angempata dada yake siku hiyo wangevunjiana heshima. Mama akamzuia. "Ana haki. Kuni zilikuwa ukutani." Akaweka chini kuni alizokuwa amezibeba. "Ila lile neno nilidhani ni la watu wa nje."

Simu zikarudi. Rula akapiga. "Nyumba nzuri, mwanangu," Mama akamwambia. Angemfokea ingekuwa nafuu. Wiki zikapita, na Rula akaanza kutuma vitu: soksi za sufu, sweta, blanketi la umeme ambalo umeme wake hatukuwa nao. Alileta kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Nikimpigia ananijibu kwa kifupi, anasingizia kazi. Ofisini kwake, nilikuja kusikia baadaye, ile nyumba ilikuwa imebandikwa picha ukutani na yeye alihamisha meza ili aipe mgongo.

Akaja siku ya kazi, mvua inanyesha, juu ya pikipiki ya kukodi, hakuarifu mtu. Nilifungua mlango nikamkuta amelowa chapachapa.

"Mama yuko wapi?"

"Kwa jirani wa chini."

"Anafanya nini huko na mvua hii?"

Ningeweza kulainisha. Sikutaka. "Anaota moto," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Kila siku akishakula mchana anakwenda. Anabeba na ukuni wake mmoja, asionekane kaenda mikono mitupu."

Rula akakaa kwenye benchi la viatu. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye sakafu yake nzuri. Akajifuta uso kwa kiganja, akasema, "Nipeleke."

Jiko la jirani ni kila kitu ambacho Rula hukikataza. Kuta za mbao zimekuwa nyeusi, kuni ziko chini ya paa, dumu la mafuta ya taa liko mlangoni. Nilimwona macho yakianza kupima kwa mazoea, kisha akayainamisha. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kidogo karibu na mlango, si upande wa joto. Upande wa joto ni wa wenye nyumba. Tukiwa bado tumesimama nje, binti mmoja wa jirani alikuja kukoroga chungu, na Mama akanyanyuka, akabeba kigoda chake, akajibanza ukutani, akangoja, binti alipomaliza na kwenda zake, Mama akarudi akakaa. Hakuna aliyemwambia ahame. Alikuwa ameshazoea, na Rula aliyaona yote.

Jirani akatuona. "Oo, msanifu wetu! Ingia, mwanangu, unalowa." Akasogeza vikapu kutupisha. "Usishangae kumkuta mama yako huku. Si ndiyo kawaida yetu? Wewe nilikuazima gauni, yeye namwazima moto." Akacheka kwa moyo mweupe kabisa, hakuwa na kisirani hata chembe, na nadhani hilo ndilo lililomkata Rula vibaya zaidi. Aliinamisha kichwa kama siku ile ya tundu la mfuko.

Akachuchumaa mbele ya kigoda. "Mama, nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile."

"Lile neno..."

"Lile neno, mwanangu," Mama akasema taratibu, "ulilisema mbele za watu."

Rula akasimama, akamgeukia jirani, na mikono hakujua pa kuiweka.

"Moto ule wa zamani haukutoka jikoni kwa Mama," alisema. "Ulishuka ukingoni. Niliuona mimi. Nilikuwa natoka shuleni, nikauona bado uko juu kwenye miti na nyumba yetu bado nzima, na Mama yuko bustanini ananiita kwa mkono. Jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi. Nilikuwa nawasikia watu wanavyosema. Hata darasani walisema. Nikaona haya, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka siku ile nikalisema mimi mwenyewe."

Jirani, aliyekuwa ameanza kukoroga chungu, akaacha. Aliweka mwiko chini, akauokota, akauweka tena. "Mimi nami nililisema," akasema mwishowe. "Dukani pale. Nawapa nguo, na huku nawasema." Uso ulikuwa umemwiva. Mvua ilikuwa inapiga bati, na sote wanne tulikuwa tukitazama makaa kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuyaweka macho.

"Chungu chako kinaungua, jirani," Mama akasema.

Jioni hiyo Rula alifuta meza, akatandaza karatasi tupu, akampa Mama kiti. Aliuliza huku anaitazama penseli. "Moto utauweka wapi, Mama?"

Mama alinyanyuka. Alitembea sebuleni, akajaribu hapa, akajaribu pale, akasimama kwenye ukuta wa ndani kabisa, pale kilipokuwa kiti cheupe ambacho hatukuwahi kuthubutu kukikalia. "Hapa. Nisiwe peke yangu huko nje."

Rula akachora. Alichora jiko la mawe ndani ya ukuta, sakafu ya mawe mbele yake, mlango wa chuma, bomba la moshi lenye wavu juu ili cheche isitoke, ndoo ya chuma yenye kifuniko kwa majivu, na kijumba cha mawe cha kuni mbali nje ya kokoto. Safari hii kila mstari alikuwa akiuliza kwanza. Mama alijibu yaliyomhusu, na mengine akasema, "Hayo unayajua wewe." Fundi mwashi akaja akajenga. Siku ya kwanza kuwasha moto, jirani wa chini alipanda kuja kuota, amebeba ukuni wake mmoja, na Mama akampa kiti cha upande wa joto.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kila jioni, watu wakianza kupiga miayo, Mama huchota maji, huumwagia ule moto, huyavuruga majivu kwa kijiti, kisha huita mmoja wetu. "Njoo uone, umezimika." Mwanzoni nilidhani ni uangalifu tu. Unakwenda, unaangalia, unasema umeona, ndipo anakwenda kulala. Usipokwenda, halali.

Rula alipokuja kulala kwetu mara ya kwanza tangu jiko lijengwe, alikaa sakafuni karibu na moto kuliko nilivyowahi kumwona, mpaka mashavu yakawa yanang'aa. Mama akainuka kuchukua maji.

"Uache uwake, Mama," Rula akasema. "Nyumba hii haiungui. Nimeichora mimi."

Mama alikwisha mwaga. Mvuke ukapanda, sebule ikaingia giza. Akavuruga kwa kijiti, akasogea pembeni.

"Njoo uone."

Rula akapiga magoti. Alitia kiganja kwenye majivu yaliyolowa, akakibonyeza mpaka chini. "Nimeona, Mama. Umezimika."

"Na mkwe wangu aje aone."

Nikaenda, nikainama, nikasema nimeona.

"Haya. Mko wawili wa kusema mmeona," akasema Mama. Akanawa mikono, akatuaga, akaenda kulala. Rula alibaki pale chini, mkono wake bado umo kwenye majivu.